Maziwa ya Mtoto na Kipimo cha Haki

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye semina ya vikundi vya wafugaji)



Tumeombwa tuzungumzie ubora wa maziwa. Tutaanzia mbali kidogo, katika miji ya Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, kwa sababu yaliyotokea huko yanatuhusu.

Wakati huo maziwa yalifika London kwa treni kutoka mashambani. Yalipita mikono mingi kabla ya kumfikia mama aliyenunua kiasi kidogo kwa ajili ya mtoto wake. Njiani wengine walitia maji. Wengine walitia fomalini, dawa tunayoijua kwa kuhifadhia maiti, ili maziwa yaliyolala yasichache. Mama angejuaje? Kwa macho, maziwa ni meupe tu.

Kipimo rahisi kilikuwa laktomita, ambayo nanyi mnaitumia. Maziwa ni mazito kuliko maji, hivyo yakitiwa maji laktomita huzama zaidi. Lakini mdanganyifu naye alikuwa na akili. Krimu ni nyepesi. Ukiiengua, maziwa yanayobaki huzidi uzito. Basi aliengua krimu akaiuza, kisha akaongeza maji mpaka laktomita ikasimama palepale panapotakiwa. Mteja aliibiwa mara mbili, na kipimo kikasema mambo ni sawa.

Dawa ya ujanja huo ilikuwa kupima mafuta yenyewe. Mwaka 1890 Stephen Babcock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alitangaza njia yake. Maziwa huchanganywa na tindikali kali katika chupa yenye shingo nyembamba, kisha chupa huzungushwa kwa kasi. Mafuta hupanda shingoni, na kiasi chake husomwa kwenye alama. Babcock hakuifanya njia hiyo kuwa mali yake. Aliiacha itumiwe na wote.

Sheria nayo ilifuata. Kuanzia mwaka 1901, maziwa yenye mafuta chini ya asilimia 3 yalihesabiwa Uingereza kuwa yamechezewa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Muuzaji pia alilindwa: sampuli iligawanywa mafungu matatu, moja akabaki nalo mwenyewe, la pili likaenda kwa mkemia, la tatu likatunzwa kwa ajili ya mahakama endapo pangetokea ubishi. Mwaka 1912 kutia dawa za kuhifadhi katika maziwa kulipigwa marufuku.

Hata hivyo, vipimo hivyo havikuona vijidudu. Maziwa yenye krimu kamili yaliweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe, na mwaka 1911 tume ya serikali ilithibitisha kwamba ugonjwa huo huambukiza binadamu.

Tunajifunza nini?

Kwanza, laktomita peke yake haitoshi. Kituo kinachoweza kipime na mafuta.

Pili, kipimo kifanyike mbele ya mfugaji, naye aonyeshwe matokeo. Akikataliwa maziwa bila maelezo, ataona ameonewa.

Tatu, maziwa yaliyofaulu vipimo hivi bado yachemshwe.

Ndugu zetu, anayekunywa maziwa yetu mara nyingi ni mtoto asiyeweza kuuliza yametoka wapi. Tumpimie kama tunavyowapimia wa kwetu nyumbani.