Jina Mlangoni

Jioni ya leo twapenda kuwazungumzia jambo ambalo wasafiri hulificha waandikapo barua kwao, nalo ni taabu ya mteja aliye mgeni. Watu hutuuliza khabari za baridi na khabari za chakula, hakuna aulizaye, "Je, mlipodai haki yenu, mlisikizwa?"

Sisi, mume na mke, tulihamia Hamburg, katika nchi ya Ujerumani, mwaka 2023. Sharti la kwanza huko ni kujiandikisha katika ofisi ya mji kabla ya kupita majuma mawili tangu kuingia nyumbani, na mwenye nyumba hana budi kutoa hati ya kuthibitisha ya kuwa mwakaa kwake. Hayo tuliyatimiza. Kisha tukafanya mapatano ya miezi 24 na kampuni moja ya simu, ili tuletewe intaneti nyumbani. Maana mama yetu, aliyeko Tanga, alikuwa mgonjwa, nasi tulitaka kumwona uso kila jioni. Simu za mkononi tulikuwa nazo, lakini salio liliisha kabla ya nusu ya mwezi, na uso wa mama ulikuwa ukikatika vipande vipande.

Tukaambiwa fundi atakuja Jumanne, kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana. Mmoja wetu akaacha kazi siku ile, na ujira wake ukapotea. Tukakaa karibu na mlango kama watu wangojao mshenga. Hakuja mtu. Jioni tukapata taarifa ya kuwa fundi alifika, wala hakukuta mtu nyumbani!

Tukapiga simu. Ikajibu sauti ya mashine, ikatuamuru kubonyeza tarakimu hii na ile. Kisha muziki, dakika arobaini. Mwishowe akaja kijana mwenye adabu nyingi na maneno ya haraka kupita Kijerumani chetu. Alisema kwamba daftari lake lasema hatukuwapo. Tukamwambia tulikuwapo. Akasoma tena daftari. Kwetu mtu akikosewa huenda mwenyewe, hubisha hodi, huulizana hali na mwenye duka, na shauri hukatwa pale pale. Lakini kampuni ile haikuwa na baraza la kuketi wala mlango wa kubisha. Miadi ya pili ikawa vile vile, na ya tatu. Safari ya tatu tulipaza sauti, na simu ikakatwa. Twakiri ya kuwa maneno tuliyoyasema baada ya hapo hayafai kusemwa redioni.

Aliyetufumbua macho ni bibi mmoja mzee, jirani yetu wa ghorofa ya chini. Alituuliza, "Jina lenu liko wapi?" Katika nchi ile nyumba za ghorofa huandikwa jina la ukoo penye kengele ya mlango wa nje, wala si namba ya chumba. Penye kengele yetu lilikuwa bado jina la mpangaji aliyetutangulia. Basi fundi alikuja, akatafuta jina letu, asilione, akaenda zake. Kampuni ilikuwa imetupa kurasa kumi na mbili za masharti, na katika hizo hapakuwa na neno moja juu ya kengele. Kwao ni jambo alijualo kila mtoto. Walakini namba yetu ya simu fundi alikuwa nayo, wala hakuipiga.

Tukabandika jina usiku ule ule. Miadi ya nne, jina likiwa mahali pake, fundi hakuja vile vile.

Hapo tulikwenda katika ofisi ya kuwatetea wanunuzi, ambayo ipo katika kila jimbo la nchi ile. Huko tukaelezwa ya kuwa, kwa sheria iliyoanza Desemba 1, 2021, fundi akikosa miadi mteja hulipwa euro 10, au asilimia 20 ya ada ya mwezi ikiwa ni kubwa zaidi, isipokuwa kosa likiwa la mteja mwenyewe. Tukaandika barua ya rejista, yenye tarehe zote nne. Kampuni ikakataa tatu za kwanza kwa ajili ya kengele, ikalipa ya nne. Euro kumi hazikufikia hata robo ya ujira uliopotea, lakini tulizipokea kwa furaha isiyo na kiasi.

Katika juma la saba fundi akaja. Kazi yake ilikuwa ya dakika ishirini. Chai aliikataa, kisha akainywa.

Jioni ile tukamwona mama. Alikuwa amekonda sana. Akauliza sababu ya majuma yale yote, tukamweleza ya kuwa jina letu halikuwapo mlangoni. Akanyamaza kidogo, akasema, "Wanangu, mmehamia kwa watu bila kubisha hodi?" Akacheka mpaka akakohoa.