Nyumba Yenye Bustani: Uliza Haya Kabla ya Kuhama

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini ongeza sauti ya redio kidogo. Kama mko pamoja kwenye chama, mmoja wenu ashike kalamu.

Leo tutazungumza juu ya nyumba. Najua kuna atakayesema, "Sista, tangu lini muuguzi akawa dalali wa nyumba?" Subiri kidogo. Nyumba unayolala ndiyo inayoamua mtoto wako anakunywa maji gani, anakula mboga gani, na anavuta hewa gani. Kwa hiyo nyumba ni jambo la afya.

Mnakumbuka mwaka wa 2020. Kisa cha kwanza cha korona hapa Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi. Siku chache baadaye shule zikafungwa. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, kutoka saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Tarehe 6 Aprili ikatangazwa kwamba hakuna kuingia wala kutoka Nairobi. Watoto wengi walikaa nyumbani hadi tarehe 4 Januari 2021. Kafyu yenyewe iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021.

Sasa fikiria mama anayeishi katika chumba kimoja kwenye ploti ya milango 10. Watoto watatu ndani, baba hana kazi, mvua yetu ya Kericho inanyesha kila alasiri. Nje ni ukumbi mwembamba, beseni za jirani na kamba za nguo. Mboga ni za kununua, na pesa hakuna. Mama huyo alianza kuwaza jambo moja tu: "Laiti ningekuwa na nyumba yenye kashamba."

Hakuwa peke yake duniani. Huko Uingereza, mwezi Mei 2020, ofisi ya takwimu ilieleza kwamba nyumba 1 katika kila 8 haikuwa na bustani, na watu wengi wakaanza kutafuta nyumba zenye bustani. Wenzetu wa kule walitaka mahali pa kuketi na kuota jua. Sisi tulitaka mahali pa kupanda sukuma. Lakini kiu ilikuwa moja.

Hapa kwetu niliiona kiu hiyo kliniki. Zamani mama akihama, aliuliza kama nyumba iko karibu na stegi, kama ina stima, na kodi ni ngapi. Kuanzia mwaka ule swali la kwanza likawa, "Kuna mahali pa kulima?" Walioishi mjini Kericho, Litein, Sotik na Bomet walianza kutazama vijijini. Wengine walirudi kwa wazazi wao. Wizara ya Kilimo nayo ilianzisha kampeni ya bustani milioni 1 za jikoni, na watu wakazidi kupata hamu.

Hilo ni jambo jema. Lakini nataka niwaambie kisa kimoja, nami sitaficha kosa langu.

Katikati ya mwaka huo wa 2020 mama mmoja alikuja kliniki na mtoto wake wa mwaka mmoja na miezi miwili. Aliniambia amekopa pesa kwenye chama, amelipa kodi ya nyumba bondeni, nje ya mji. Nyumba ina kipande cha shamba nyuma. Alikuwa na furaha kubwa. Mimi nilimpongeza. Nilimwambia apande managu na sagaa, nikampa na mbegu kidogo. Nilimpima mtoto mkono kwa utepe, ukasoma kijani. Tukaagana.

Sikumwuliza swali hata moja kuhusu maji.

Baada ya wiki tano alirudi. Mtoto alikuwa anaharisha mara ya tatu tangu wahame. Macho yameingia ndani, analia bila machozi. Niliweka utepe kwenye mkono wake, ukasoma njano: yaani chini ya sentimita 12.5. Ukishuka chini ya 11.5 ni nyekundu, na nyekundu ni hatari ya kifo. Tulimpa maji ya ORS hapo hapo na vidonge vya zinki. Kesho yake nilikwenda kuiona nyumba.

Bustani ilikuwa nzuri kuliko ya kwangu. Managu yamesimama, sukuma imeshika. Lakini kisima kilikuwa chini ya mteremko, na choo cha shimo kiko juu yake, hatua 12 tu. Nilizihesabu mwenyewe. Mvua ikinyesha, uchafu wa choo unapenya ardhini na kushuka kuelekea kisimani. Mama alikuwa anaosha mboga zake kwa maji hayo, na mtoto anayanywa.

Mama alilia. Alisema, "Sista, nilikimbia chumba kimoja ili mtoto apone, kumbe nimemleta kwenye ugonjwa." Nilimwambia ukweli: hakukosea kutaka bustani. Sisi sote tulisahau kuuliza. Ndiyo maana leo nawapa maswali matano. Andikeni.

Swali la kwanza: maji yanatoka wapi?

Usiulize tu kama maji yapo. Nenda ukayaone. Kisima kiwe angalau mita 30 kutoka choo, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko, kisiwe juu ya kisima. Mita 30 ni kama hatua 40 ndefu za mtu mzima. Angalia choo cha jirani pia, kwa sababu maji ya ardhini hayajui ua wa mtu. Kisima kiwe na mfuniko na ukingo ulioinuka ili maji ya mvua yasiingie. Kama maji ni ya mto au chemchemi, uliza nani anaoga na ng'ombe wanakunywa wapi.

Hata kisima kikiwa kizuri, maji ya kunywa yachemshe hadi yatokote vizuri, au tumia dawa ya klorini kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Yaweke kwenye chombo chenye mfuniko. Hapa kwetu Mungu ametupa mvua. Paa la mabati na mfereji vinaweza kujaza tangi. Mvua ya kwanza iache ioshe paa, ndipo ukinge.

Swali la pili: choo kikoje, na cha watu wangapi?

Choo kiwe na mlango, na shimo lifunikwe. Weka kibuyu chirizi na sabuni mlangoni. Anayetoka shambani anawe kabla ya kumshika mtoto. Kinyesi cha mtoto mchanga pia ni uchafu: kitie chooni, usikitupe kwenye mboga. Udongo wenye kinyesi una mayai ya minyoo. Mtoto akifikisha mwaka 1, apewe dawa ya minyoo kila miezi 6. Akifikisha miezi 6, aanze kupewa vitamini A, kisha kila miezi 6 hadi atimize miaka 5. Uliza kliniki.

Swali la tatu: udongo huu umelimwa nini, na umepuliziwa nini?

Udongo wetu wa majani chai una asidi. Chai inaupenda, lakini sukuma haifurahi. Ukiona miche imedumaa na kuwa njano, usikate tamaa. Changanya mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri na jivu kidogo la kuni lililopoa.

Kama nyumba inapakana na chai, uliza dawa ya magugu inapuliziwa lini, na panda mbali na mpaka. Wewe mwenyewe ukitumia dawa ya wadudu, soma kwenye chupa ni siku ngapi za kusubiri kabla ya kuvuna. Usivune kabla. Chupa ya dawa isigeuzwe kuwa ya maziwa wala ya maji, hata ukiiosha mara saba. Na dawa yenyewe ifungiwe mahali ambapo mtoto hafiki.

Swali la nne: moshi unatokea wapi?

Kericho na Bomet kuna baridi. Tunapenda kufunga kila tundu na kuota moto. Lakini mtoto anayevuta moshi kila siku hupata nimonia kwa urahisi. Nyumba yenye shamba la ekari na jiko lisilo na dirisha bado inamwumiza mtoto. Tafuta jiko lenye dirisha, au omba ruhusa utoboe.

Swali la tano: tumekubaliana nini na mwenye nyumba?

Kuna mama alilima, mboga zikakomaa, mwenye nyumba akaleta mawe kujenga vyumba vingine juu yake. Andikianeni kipande ni cha nani na kwa muda gani. Uliza pia kliniki iko umbali gani kwa miguu, usiku, mtoto akiwa na joto.

Sasa nasikia mwingine akisema, "Sista, mimi sihami. Niko nyumba ya kampuni kwenye chai, au niko ploti mjini. Je, mimi sina bahati?"

Mama, unayo. Shamba la gunia litakutosha. Chukua gunia lililokuwa na mahindi au sukari, si lililokuwa na mbolea ya dukani au dawa. Simamisha mkebe usio na matako katikati, ujaze kokoto ndani yake. Kandoni weka udongo, mbolea iliyooza na jivu kidogo. Inua mkebe, ongeza kokoto na udongo, hivyo hivyo mpaka juu. Kokoto zile zitashusha maji hadi chini. Toboa matundu pembeni, panda miche. Gunia moja linabeba miche 30 au zaidi. Baada ya miezi 2 hivi unachuma sukuma. Ukihama au kazi ikiisha, mwagia gunia jipya udongo ule ule, uende nao. Kwenye nyumba za kampuni, omba ruhusa kwanza, kwa sababu kila mahali pana sheria zake.

Na ukishavuna, mboga iingie tumboni kwa mtoto. Isiishie sokoni yote. Mtoto hadi miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Kuanzia miezi 6, ponda managu au malenge uchanganye na kimyet laini, maharagwe, yai au omena. Tafadhali, chai isimfuate mtoto mezani. Ndiyo, tunaichuma na inatulisha, lakini chai huzuia damu yake kupata madini ya chuma kutoka kwenye chakula. Mpe maziwa yaliyochemshwa, au tunda.

Mnataka kujua yule mtoto wa bondeni aliishia wapi. Mama alianza kuchemsha maji siku ile ile. Mwenye nyumba alikuja, tukampeleka kisimani akaona kwa macho yake, akakubali kuchimba choo kipya upande wa chini. Mama akakinga maji ya mvua. Mtoto alimaliza zinki yake siku 10 bila kuruka. Tulimpima kila wiki. Krismasi ilipofika, utepe ulisoma kijani, na alikuwa anakimbia katikati ya mistari ya sukuma akimfukuza kuku. Walibaki nyumba ile ile. Haikuwa mbaya; ilikosa mtu wa kuuliza tu.

Tangu siku hiyo, mama akiniambia amepata nyumba yenye bustani, nampongeza. Kisha namwuliza, "Choo kiko juu au chini ya kisima?"

Kumbuka: mtoto akiharisha, mpe ORS, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na umlete kituo cha afya upate zinki. Akiwa mlegevu, anatapika kila kitu, au kuna damu kwenye choo, usingoje asubuhi.

Maswali ya kujadili kwenye chama: Je, kisima chenu kiko hatua ngapi kutoka choo? Nani kati yenu hana mahali pa kulima, na mnaweza kumsaidiaje kupata gunia? Mwenye nyumba wenu aambiwe nini, na nani atamwambia?

Hesabuni hatua hizo kesho asubuhi. Mimi ni muuguzi wenu. Tukutane wiki ijayo, saa kama hii. Kwaherini, na Mungu awalindie watoto.