Kuchagua Kisiwa Kabla ya Kufungua Sanduku la Akiba

*Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa vikundi vya akiba vya Soweto East, Kibera. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wakazi wote wa kaunti wanaopanga safari ya likizo.*



Pembeni mwa mtaa huu kuna Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka wa 1953. Leo limefunikwa na magugu, na mtoto anayekua hapa hulijua kama mahali pa kuepukwa. Lakini kuna wakati mashua zenye matanga zilipita juu ya maji hayo, na watu wakaja kuvua samaki na kupumzika. Hamu ya kukaa kando ya maji ni ya kila mtu, mwenye mali na asiye na mali. Ndiyo maana mwaka ukikaribia kwisha, vikundi vingi vya akiba vya Kibera na Kawangware huweka ajenda moja: safari ya kwenda kuona bahari.

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Ni kweli, lakini asiyechagua kabisa hurudi nyumbani mikono mitupu. Safari ya kisiwani inaweza kumaliza akiba ya mwaka kwa siku tatu. Inaweza pia kuhatarisha maisha, kwa sababu wengi wa wanaosafiri hawajui kuogelea. Kwa hiyo, kabla ya kutazama picha za fuo nyeupe kwenye simu, kikundi kijiulize maswali matatu: mfuko una kiasi gani, nani mnyonge kuliko wote katika msafara, na maji yatakuwa wapi siku hiyo.

Swali la kwanza: mfuko

Tuchukue mfano wa kikundi cha watu 12, kila mmoja akiweka shilingi 150 kwa wiki. Baada ya wiki 52 kila mtu ana shilingi 7,800, na kikundi kizima kina 93,600. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida katika treni ya Nairobi hadi Mombasa ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Kwenda na kurudi ni 3,000 kwa mtu. Kila mmoja anabaki na 4,800.

Pesa hizo ndizo za kufika Syokimau, za kutoka Miritini hadi mjini, za kulala usiku mara mbili na za kula siku tatu. Kinachobaki hakitoshi ngome, mbuga, pomboo na mashua kwa pamoja. Kinatosha kitu kimoja cha kulipia, na vingine viwe vya bure. Kikundi kikikubaliana mapema kitu hicho kimoja ni kipi, hakuna atakayenung'unika. Kisipokubaliana, pesa zitakwisha siku ya kwanza kwa soda na kupiga picha juu ya ngamia.

Tahadhari moja ya pesa. Kila Desemba kuna watu hupoteza akiba kwa kutuma malipo yote kwa nambari ya mtu wasiyemjua, aliyetangaza nyumba au safari kwenye mtandao. Kampuni ya utalii huwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Mweka hazina aombe kuiona leseni hiyo, alipe kidogo kwanza, na apewe risiti yenye jina la kampuni.

Swali la pili: mnyonge wa msafara

Safari ya kikundi hupimwa kwa mwendo wa mtu wa mwisho. Kama kuna nyanya mwenye magoti mabaya, ngazi na mawe ya ngome ya kale yatamchosha, ila matembezi ya jioni penye upepo yatamfaa. Kama kuna watoto wadogo, saa mbili ndani ya mashua ni nyingi mno. Kama kuna mjamzito au mtu mwenye ugonjwa wa moyo, aonane na mhudumu wa afya kwanza.

Kuna jambo wengi husahau. Nairobi iko juu, na malaria ni kidogo. Pwani na kando ya Ziwa Victoria malaria ipo. Aliyeishi Kibera miaka mingi hana tena kinga aliyokuwa nayo utotoni, na mtoto aliyezaliwa hapa hana kabisa. Kila kitanda kiwe na neti. Mtu akipata homa katika wiki zinazofuata safari, aende kituo cha afya na aeleze alikotoka.

Swali la tatu: maji

Hapa ndipo wageni wa bara hukosea zaidi. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya nyakati hizo huwa ni maji mafu, yasiyopanda wala kushuka kwa nguvu.

Kikundi kinachofika ufuoni adhuhuri ya bamvua kinaweza kukuta maji yamekwenda mbali, mchanga uko wazi, na watoto wanakimbilia miamba kutafuta kaa. Hakuna kinachoonekana cha hatari. Lakini maji yakianza kurudi, huanza kujaza mabonde yaliyo kati ya miamba na nchi kavu. Mtoto aliye kwenye mwamba bado amekanyaga pakavu, huku nyuma yake pamekwisha kuwa na kina kinachompita. Wenyeji wa pwani hulijua hili tangu utotoni. Mgeni wa Soweto East hana budi kuuliza: leo maji yanapwa saa ngapi, na yataanza kurudi saa ngapi? Mvuvi yeyote atajibu bila malipo. Swali hilo ndilo lipange siku. Miamba na mafungu ya mchanga huonekana vizuri maji yakipwa, na watu waondoke huko kabla hayajaanza kurudi.

Upepo nao una ratiba yake. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, na katika majira hayo bahari huwa tulivu zaidi na maji maangavu. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na mawimbi huwa makubwa, hasa Juni na Julai. Anayetaka kutazama samaki chini ya maji achague likizo ya Desemba. Anayesafiri Agosti aweke ngome, mji wa kale na matembezi mbele, na mashua nyuma.

Visiwa vyenyewe

*Mombasa.* Wengi hawakumbuki kwamba mji wa Mombasa wenyewe ni kisiwa. Kwa hiyo mwenye siku mbili hana haja ya kutafuta kisiwa kingine. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kuanzia 1593 hadi 1596, na mwaka wa 2011 UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia. Kiingilio chake hulipwa, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo kitambulisho kisisahauliwe. Nje ya ngome ni Mji wa Kale, ambapo kutembea ni bure: milango ya kuchonga, misikiti ya zamani, harufu ya viungo na kahawa chungu. Mavazi ya heshima yanatakiwa, na mwenyeji aombwe ruhusa kabla ya kupigwa picha. Jioni kikundi kiende Mama Ngina kutazama meli zikiingia bandarini, huku watu wakila mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili. Maji ya mlango ule yana mkondo mkali na ufuo wake ni wa mawe, kwa hiyo hapo ni pa kutazama. Pa kuogelea ni ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ng'ambo ya daraja la Nyali, ambako kuna watu wengi na waokoaji.

Feri ya Likoni haimtozi nauli anayetembea kwa miguu, na kwa mtoto kuivuka ni safari tosha. Lakini feri inataka adabu. Tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walikufa wakati feri ya Mtongwe, iliyokuwa imejaza abiria kupita kiasi, ilipozama. Chombo kikionekana kimejaa, kingojewe kinachofuata.

*Wasini.* Kisiwa hiki kiko kusini mwa Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania, na huvukwa kwa mashua kutoka Shimoni. Hakuna magari huko. Akina mama wa kijijini wana kikundi chao kinachosimamia njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko na matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu. Mgeni hulipa ada ndogo, na pesa hizo husaidia kijiji. Kwa vikundi vya Kibera, hilo peke yake ni darasa. Karibu na hapo ni Hifadhi ya Bahari ya Kisite, yenye pomboo na samaki wa rangi. Ada ya hifadhi hulipwa kwa eCitizen na si kwa pesa taslimu. Huku Shimoni kuna pango lililolipa mahali hapo jina, ambalo simulizi za wenyeji hulihusisha na biashara ya watumwa. Wasini inafaa kikundi chenye siku tatu au zaidi, na chenye watu wasioogopa mashua.

*Lamu.* Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika urithi wa dunia mwaka wa 2001. Vichochoro vyake ni vyembamba, mizigo hubebwa na punda, na kutoka mjini hadi ufuo wa Shela mtu anaweza kutembea. Lakini barabara ni ndefu, na mwishoni lazima kuvuka maji kutoka Mokowe. Lamu isibanwe katika siku mbili. Ingojewe hadi akiba ifike. Kabla ya kupanda basi, msafiri aulize pia hali ya usalama barabarani.

*Rusinga na Mfangano.* Wakazi wengi wa Kibera husafiri Nyanza kila Desemba, na hupita karibu na visiwa hivi bila kusimama. Rusinga imeunganishwa na Mbita kwa daraja, kwa hiyo mashua haihitajiki. Huko ndiko alikozikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Huko pia Mary Leakey alipata mwaka wa 1948 fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya nyani aitwaye Proconsul, aliyeishi miaka milioni kadhaa kabla ya binadamu. Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa omena hutapakaa ziwani kama mji mwingine. Mfangano, yenye michoro ya kale juu ya miamba, hufikiwa kwa mashua. Tahadhari ya ziwa ni kichocho: watoto wasichezee maji yaliyotulia penye majani, na viboko na mamba wasidharauliwe. Kwa familia inayokwenda nyumbani hata hivyo, hiki ndicho kisiwa cha bei nafuu kuliko vyote.

Ndani ya mashua

Bei ikubaliwe kabla ya kupanda, na iwe bei ya kikundi kizima, kwenda na kurudi. Kila mtu avae jaketi okozi tangu mwanzo, mtoto apewe ya saizi yake, na jaketi hizo zifungwe. Nahodha asiye na jaketi za kutosha aachwe, hata kama bei yake ni nzuri na watu wamekwisha kupanga foleni. Kiongozi ahesabu watu wakipanda na wakishuka. Pombe ingoje nchi kavu. Chupa za plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi na fuo za kitaifa tangu Juni 2020, kwa hiyo kila mtu abebe chupa yake ya kujaza tena. Makombe na matumbawe yaachwe baharini.

Kura ya mwisho

Siku ya kuamua, mwenyekiti aandike ubaoni vitu viwili tu: kimoja cha kulipia na kimoja cha bure kwa kila siku. Mweka hazina aonyeshe hesabu. Kisha aitwe yule mnyonge wa msafara, awe ni nyanya au mtoto, aulizwe wa kwanza anataka kuona nini. Jibu lake mara nyingi huwa rahisi na la gharama ndogo: anataka kulowesha miguu baharini. Hilo linawezekana, likifanywa maji yakiwa mahali pake na mkono wa mtu mzima ukiwa karibu.

Kikundi kitakachorudi Soweto East na watu wote kilioondoka nao, bila deni, na kikiwa na hadithi ya kitu kimoja kilichoonwa vizuri, kitakuwa kimesafiri. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Basi yafikiwe kwa kuuliza kwanza.