Kadi Haiulizi Simu

Wasikilizaji, habari ya Jamii Namba, ile namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, mmeisikia, na ya kitambulisho kukaa ndani ya simu mmeisikia pia. Sitairudia. Kituo hiki hakina ugomvi na namba. Tunauliza jambo moja: nani atasema simu yako inafaa kubeba jina lako?

Kadi haiulizi simu. Ukifika dirishani na kadi ya NIDA, uwe umetoka Ruanda na vumbi la makaa ya mawe au Lituhi na harufu ya dagaa, zinasomwa zile tarakimu 20, yamekwisha. Programu ya kitambulisho inaweza kuanza kwa kuihoji simu kwanza: mfumo wako umepitishwa na Google? Au na Apple? Haukupitishwa, basi wewe unabaki nje, jina lako ndani.

Ulaya wapo wanaoondoa mfumo wa kiwandani na kuweka mwingine, kama GrapheneOS, maana hawataki kufuatwafuatwa. Mafundi wanausifu kwa ulinzi. Hata hivyo zipo programu za benki zinazoikataa simu yenye mfumo huo kwa sababu haina muhuri wa Google, basi. Utaniambia, wee mtangazaji, Ruanda nani ana GrapheneOS? Labda hakuna. Lakini Huawei zilizotoka bila huduma za Google baada ya vikwazo vya Marekani vya 2019? Na simu ambayo fundi wa stendi ameifungua akaijaza mfumo anaoujua mwenyewe? Hizo zimo mifukoni mwetu. Nazo hazina muhuri.

Laini za simu mnazikumbuka. Mwisho wa kuzisajili kwa alama za vidole ulikuwa 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Mtu anatafuta nauli, anafika Mbinga mjini, kidole hakisomi. Kidole cha mchimba makaa hakisomi. Cha mama anayechimba mashimo ya ngoro shambani hakisomi. Cha mvuta nyavu hakisomi. Njoo kesho. Na kesho ina nauli yake! Lakini pale angalau alikuwepo kijana ameshika mashine, unabishana naye. Google utabishana naye dirisha gani?

Kadi haiulizi simu, wala haiishiwi chaji.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo, Namba 11 ya 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023. Sheria inataka taarifa za mtu zilindwe. Itakuwaje aliyelinda zake ndiye aambiwe njoo kesho? Hata wenzetu wanasita: Uswisi walipiga kura 28 Septemba 2025. Kitambulisho cha simu kikapita kwa asilimia 50.4, tena kwa sharti la hiari. Waswisi wale, wenye umeme usiokatika, karibu nusu ya waliopiga kura walikataa!

Sasa waheshimiwa madiwani, na wewe mheshimiwa mbunge, ulizeni kabla programu haijatengenezwa. Simu iliyo salama ipokelewe, iwe na muhuri wa kampuni au isiwe nao. Mwenye kitochi ahudumiwe kama mwenye simu janja. Nanyi akina mama wa Ntunduwaro, akina baba wa Liuli na Mbamba Bay, kadi zenu zitunzeni. Siku mtu akiwaambia zirudisheni, sasa kuna simu, kataeni. Kataeni kwa adabu, lakini kataeni palepale dirishani, na nyuma yenu foleni nzima isikie!