Shahada ya darasani si nusu shahada

Ipo kauli imeanza kuzoeleka miongoni mwa wasomi wetu, nayo yafaa ijibiwe kabla haijaota mizizi. Inasemwa kwamba mhandisi mitambo aliyepata shahada ya uzamili kwa kuhudhuria masomo na kufanya mitihani, bila kuandika tasnifu kubwa ya utafiti, amepata nusu shahada. Wapo vijana wenye kazi nzuri viwandani wanaoacha kujiendeleza kwa kuogopa kauli hiyo. Wapo na wengine wanaojitosa katika utafiti wasioupenda, wakamaliza masomo yote, kisha wakakwama kwenye tasnifu miaka nenda miaka rudi.

Tuanze na maana. Njia za kupata shahada hiyo ni mbili kubwa. Njia ya kwanza ni ya utafiti. Mwanafunzi huchukua swali moja ambalo bado halijapata jibu, hulichimba chini ya profesa, na mwisho huandika tasnifu na kuitetea. Njia ya pili ni ya masomo. Hapa mwanafunzi husoma mambo mengi kwa kina zaidi ya shahada ya kwanza: mwendo wa joto, mtiririko wa maji na hewa, mitetemo ya mashine, uimara wa vyuma, uendeshaji wa mitambo kwa kompyuta. Katika vyuo vingi vya Marekani hiyo ni krediti 30, yaani masomo kama 10 hivi, na mtu anaweza kumaliza bila tasnifu. Uingereza ni krediti 180 kwa mwaka mmoja, na kwa kawaida 60 kati ya hizo ni za mradi wa mwisho. Krediti 180 huhesabiwa kuwa saa 1,800 za kazi. Mwenye kuiita hiyo njia ya mkato na aijaribu.

Sasa tuulize, dharau hii inatoka wapi? Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Chuo kikuu huishi kwa utafiti, na ni haki profesa amsifu anayefanana naye. Tena upo ukweli ndani yake. Anayetaka kuwa mhadhiri, au kuendelea hadi shahada ya uzamivu, atafanya vyema kupita njia ya utafiti, maana huko ndiko anakojifunza kuuliza swali na kulijibu mwenyewe. Huyo nisimpotoshe.

Lakini si kila mhandisi anakwenda kufundisha. Chukueni mfano wa kiwanda chenye pampu inayokula beringi kila baada ya miezi miwili. Fundi mchundo anabadilisha beringi, pampu inaguruma tena, na baada ya miezi miwili hadithi ni ile ile. Mhandisi aliyesoma somo la mitetemo atapima mtikisiko wa pampu hiyo kabla hajaagiza beringi nyingine. Akikuta mtikisiko mkubwa unaojirudia mara mbili katika kila mzunguko wa shafti, atashuku mara moja kwamba shafti ya mota na shafti ya pampu hazikunyooshana. Atazinyoosha, na fedha za beringi zitabaki mfukoni mwa kiwanda. Hapo hakugundua jambo jipya duniani. Ametumia jambo linalojulikana, mahali ambapo halikuwa likijulikana.

Na hivyo ndivyo elimu ya mitambo inavyosafiri. Mwaka 1954 ndege mbili za abiria za Uingereza aina ya Comet zilisambaratika angani, moja mwezi Januari karibu na kisiwa cha Elba, nyingine mwezi Aprili karibu na Naples. Watafiti wa Farnborough walichukua ndege nyingine ya aina hiyo, wakaizamisha ndani ya tangi la maji, wakaijaza na kuipunguza shinikizo tena na tena hadi bodi lake likapasuka. Ikabainika kwamba bodi hilo lilikuwa limechoka: mzigo mdogo ukirudiwa mara nyingi huzaa ufa, na ufa hupenda kuanzia kwenye pembe za matundu. Wale walikuwa watafiti, na tunawashukuru. Lakini leo, ili shafti ya kiwanda chako isikatike, huhitaji tangi la Farnborough. Unahitaji mtu aliyelisoma somo hilo vizuri na kulielewa.

Ndugu wasikilizaji, jambo hili linatuhusu sisi moja kwa moja. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973, na tangu hapo wahandisi wametoka wengi. Mitambo nayo imeongezeka. Gesi ya Songo Songo imezungusha mitambo ya umeme Ubungo tangu 2004. Bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Treni za umeme zilianza kwenda Dodoma mwaka 2024. Mitambo hii imenunuliwa kwa fedha nyingi za wananchi. Itachakaa, kama vitu vyote vya chuma. Siku hiyo tutakuwa na mtu wetu wa kuipima na kuitibu, au tutapiga simu ng'ambo?

Kwa hiyo nawaambia vijana: njia ya masomo ni njia halali. Lakini isiingiwe kwa pupa. Kwanza, fanya kazi kabla. Aliyekwisha kuunguzwa na bomba la mvuke huuliza darasani maswali ambayo mwenzake hawezi kuyafikiria. Hata ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ambao hulipia shahada za namna hii za mwaka mmoja, humtaka mwombaji awe na saa 2,800 za kazi, na akimaliza arudi kwao kwa muda usiopungua miaka miwili.

Pili, pigeni hesabu ya fedha. Marekani, mwanafunzi wa utafiti mara nyingi hupata ajira ya kumsaidia profesa wake, naye hulipiwa ada. Wa masomo kwa kawaida hujilipia. Msiuze kiwanja cha mzee kabla ya kuuliza jambo hilo.

Tatu, shahada ya uzamili haimfanyi mtu kuwa mhandisi mtaalamu. Usajili ni kazi ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, nayo huangalia uzoefu wa kazi chini ya usimamizi. Cheti cha ukutani hakichukui nafasi ya karakana.

Nne, asiende mtu kwa sababu tu amekosa ajira. Uhaba wa kazi hautibiwi kwa kuongeza vyeti. Unaweza kurudi na shahada mbili na njaa ile ile.

Nimebakiza neno moja, nalo ni la waajiri. Tumeona mara nyingi mhandisi anarudi masomoni, na pongezi anazopewa ni ofisi yenye kiyoyozi, gari, na kiti kwenye vikao. Kuanzia siku hiyo haonekani tena karibu na mashine. Pampu inaendelea kula beringi, na yule anayejua sababu anasaini fomu za likizo. Kama kweli mnataka faida ya shahada hiyo, mpandisheni mshahara, lakini mwacheni abaki na ovaroli yake. Mpeni vipimo. Muwekeeni fundi sanifu wawili watatu wa kuwafundisha, ili alichokisoma yeye kwa mwaka mmoja kibaki kiwandani hata akiondoka.

Shahada ni ya darasani au ni ya utafiti, hilo ni swali la chuo. Swali la nchi ni kama mashine inazunguka.