KONDO LA NYUMA LINAJENGWA MAPEMA



Huku kwetu Bagamoyo, na kupanda kaskazini hadi Saadani na Pangani, mtoto akizaliwa kondo la nyuma halitupwi ovyo. Huzikwa, na bibi zetu ndio wanaojua wapi. Wiki hii nataka tulizungumze wakati bado linajengwa.

Miaka kadhaa iliyopita binti wa shangazi yangu, mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane, alivimba uso na miguu. Kichwa kikamuuma, macho yakaona ukungu. Shangazi akasema ni upepo mbaya, akamfukiza ubani. Usiku mwili ukakakamaa na kutetemeka. Yeye alipona, mtoto hakupona. Kilikuwa kifafa cha mimba, na mimi, msoma matangazo ya afya redioni, ndiye niliyekuwa nimeshika chetezo.

Chanzo chake hakikuanza mwezi wa nane. Tangu wiki za mwanzo chembe za kondo huingia katika ukuta wa mji wa mimba na kuipanua mishipa myembamba ya damu ya mama, ili mtoto apate damu ya kutosha. Kazi hiyo huendelea hadi yapata wiki ya 20. Sehemu ya mawasiliano hayo hupitia kwenye mafuta. Sisemi mafuta ya kukaangia pweza hapo sokoni! Mwili huchukua mafuta yaliyomo katika kuta za chembe zake na kuyageuza kuwa vitu vya ukoo wa prostaglandini. Ndugu wawili wa ukoo huo hawapatani: prostasaiklini hufungua mishipa, thromboksani huibana na kugandisha damu. Kondo lisipojengeka vizuri, thromboksani humshinda mwenzake.

Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Mwaka 1982 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Waswidi Sune Bergström na Bengt Samuelsson. Dozi ikiwa ndogo, inayopungua zaidi ni thromboksani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulihusu karibu wanawake 12,000 ambao hawajawahi kuzaa, katika nchi sita, zikiwemo jirani zetu Kenya, Kongo na Zambia. Walianza kumeza miligramu 81 kwa siku kati ya wiki ya 6 na ya 13. Waliojifungua kabla ya wakati walikuwa asilimia 11.6, na kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa asilimia 13.1.

Tafadhali, mtu asikimbilie duka la dawa. Aspirini si ya kila mjamzito, na mwenye kuamua ni daktari. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani linashauri dozi ndogo kwa walio katika hatari kubwa, ianzwe kabla ya wiki ya 20. Lakini kwetu mimba changa haitajwi. Mama anafika kliniki tumbo likishaonekana, mwezi wa tano au wa sita, na mishipa imeshapangwa.

Mimba ya pili, binti wa shangazi alikwenda kliniki kabla hajamwambia mtu, hata mama yake. Shangazi alinuna wiki nzima. Kisha yeye ndiye akawa anamsindikiza.