Mtoto Aulizaye Asinyamazishwe
(Hotuba kwa wanachama, Marani)



Mtoto akiuliza majani yetu ya chai huenda wapi, tusimjibu, "Nyamaza, chuma!" Swali hilo ni shule nzima. Kilo 1 ya chai kavu hutaka zaidi ya kilo 4 za majani mabichi: hiyo ni hesabu, na asiyeijua hupunjwa kwenye mizani. Majani kugeuka rangi kiwandani ni sayansi. Mnada wa Mombasa na wanunuzi wa Pakistani ni jiografia.

Basi shule zetu na ziandikiane barua na shule za huko, watoto waulizane wenyewe. Mwaka 1959 Tom Mboya, kiongozi wa wafanyakazi, alisaidia kupeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege. Sisi tutashindwa na stempu?